Nchi ya Gucha katika Maandishi ya Matabibu

Mji wa Ogembo, uliokaa katika vilima vya Bomachoge karibu na mto Gucha, si mji unaotajwa sana na wasafiri watokao Nairobi au Mombasa, kwa maana ni mji wa soko na wa wakulima, nchi ya migomba na majani ya chai na wimbi, uliopata kuwa makao makuu ya wilaya ya Gucha wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Kisii katika miaka ya 1990, na ambao leo umo ndani ya kaunti ya Kisii. Walakini mtu afunguaye majarida ya tiba yaliyopigwa chapa Nairobi, London na Marekani katika miaka sabini iliyopita ataikuta nchi hii ya Abagusii, ndio Wakisii, ikitajwa mara nyingi kuliko miji mikubwa yenye fahari, na kutajwa kwake kumekuwa kwa mambo mawili yasiyohusiana hata kidogo: la kwanza ni ustadi wa mafundi wake wa kupasua vichwa, na la pili ni malaria ya milimani, ambayo kwa vipindi imezijaza zahanati zake watu wazima na watoto pamoja. Nimekusudia kusimulia habari za mambo hayo mawili kwa upande wa maandishi, yaani nani aliandika, wapi, na maandishi yake yalifika kwa nani. Kwa sababu zama zetu zimezoea kumpima tabibu mtafiti kwa wingi wa makala zake na kwa idadi ya wenziwe waliomrejelea, na mimi naona kipimo hicho, kijapokuwa na faida yake, hakijauliza swali lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kama elimu iliyochukuliwa katika nchi ilipata kurudi katika nchi hiyo.

Desturi ya kumtaja aliyekutangulia si ngeni kwa watu wa mwambao. Mwanafunzi aliyesoma Riyadha ya Lamu, au aliyeketi darasani katika misikiti ya Unguja, alifundishwa mapema kwamba khabari isiyo na isnadi haina thamani, na kwamba msimulizi hana budi amtaje aliyemsikia, na huyo aliyemsikia yeye, mpaka mwanzo wa silsila. Na akiisha kuhitimu kitabu alipewa ijaza yenye majina ya mashekhe mmoja baada ya mwingine. Matabibu wa leo hufanya jambo la namna hiyo katika tanbihi za makala zao. Tofauti ni kwamba maulamaa wetu, pamoja na kuhifadhi majina, walichungua pia sifa za kila mmoja katika silsila, uadilifu wake na hifadhi yake, na iwapo alikutana kweli na yule anayedai kumsikia. Wala hawakuridhika kuwahesabu wasimulizi tu na kusema kwamba mwenye wengi ndiye mkweli.

Na tuanze na mafundi wa vichwa. Tangu kabla ya serikali ya Kiingereza kujenga boma lake la Kisii mnamo mwaka 1907, walikuwako miongoni mwa Abagusii watu walioitwa ababari, kila mmoja wao omobari, ambao kazi yao ilikuwa kufungua fuvu la mtu aliyeumizwa kichwa, na aghalabu mtu yule aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu yasiyokwisha baada ya kupigwa rungu, au kuanguka, au kugongwa na kitu kizito. Ababari hawakuwa waganga wa ramli, wala hawakuchanganywa na abanyamoriogi, watu wa mizizi na majani. Walikuwa mafundi wa mkono, na ufundi wao aghalabu ulirithiwa, kijana akimfuata baba yake au ndugu yake mkubwa, akimshikia vyombo na kumtazama kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa kisu. Kazi ya namna hiyo ilifanywa pia na Watende, jirani zao wa upande wa kusini.

Jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda imeelezwa na waandishi mbalimbali kwa maneno yanayokubaliana katika mambo makuu. Mgonjwa hulazwa nje, penye mwanga, juu ya majani ya mgomba, na jamaa zake humshika mikono na miguu, maana hakuna dawa ya kumlaza usingizi. Omobari hupapasa kichwa kutafuta mahali penye maumivu, hupasua ngozi kwa kisu, na ngozi hiyo huifunua kando hata mfupa uonekane mweupe. Hapo huutazama kwa makini, akitafuta ufa, kwa kuwa rai yao ilikuwa kwamba maumivu hukaa katika ufa na katika damu mbaya iliyo chini yake. Na akiisha kuuona, au hata asipouona, huanza kuukwangua mfupa polepole kwa chombo kilichopinda ncha, akipangusa unga wa mfupa, akizuia damu kwa kukandamiza na kwa dawa za miti, akikwangua tena, mpaka tabaka ya nje imekwisha, na ile ya kati yenye vinyweleo vya damu imekwisha, na ya ndani imekuwa nyembamba. Kutoka hapo mkono hauruhusiwi kosa, kwa sababu chini ya mfupa huo umo utando unaoufunika ubongo, na utando huo ukitoboka mgonjwa yu hatarini. Nao ababari walijua hayo vizuri kabisa, wakauepuka utando kwa hadhari ambayo wapasuaji waliokuja kuwatazama waliistaajabia. Baada ya hayo jeraha huoshwa, hupakwa mafuta na dawa, ngozi hurudishwa, na mgonjwa huachwa na tundu katika fuvu lake maisha yake yote.

Jambo hilo liliingia katika maandishi ya matabibu wakati ambapo wanazuoni wa Ulaya walikuwa wamekwisha kubishana juu ya mafuvu yenye matundu kwa karibu karne nzima. Mmarekani Ephraim George Squier alilileta kutoka Cuzco, katika nchi ya Peru, fuvu lililokatwa kwa ustadi, na mwaka 1867 Paul Broca, tabibu mashuhuri wa Paris, aliwaonyesha wenziwe fuvu hilo na kusema kwamba mwenyewe alikuwa hai alipokatwa na aliishi baadaye. Na miaka michache baada ya hapo mafuvu ya namna hiyo ya zama za mawe yakapatikana Ufaransa kwenyewe. Swali lililowasumbua lilikuwa moja: yawezekanaje mtu asiye na hospitali wala chuma kizuri kumfungua mwenziwe kichwa na mwenziwe asife? Kwa hiyo ilipojulikana kwamba katika vilima vya Kisii wako mafundi walio hai wafanyao kazi hiyo hiyo, Abagusii waligeuka ghafla kuwa jawabu la swali ambalo hawakuliuliza wao.

J. G. Grounds aliandika habari zao mwaka 1958 katika East African Medical Journal, jarida lililoanza Nairobi mwaka 1923 kwa jina la Kenya Medical Journal na kupata jina lake la sasa mwaka 1932. Coxon aliandika juu ya ustadi wa Wakisii mwaka 1962 katika gazeti la hospitali ya Guy's ya London. Lakini aliyewafanya wajulikane pote ni Edward Margetts, tabibu wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1955 hata 1959, ambaye mwaka 1967 alitoa sura ndefu yenye picha katika kitabu kikubwa cha Brothwell na Sandison juu ya maradhi ya watu wa kale. Katika sura hiyo alieleza habari za mtu mmoja mzima aliyekuwa amepasuliwa mara nyingi, hata sehemu kubwa ya dari ya fuvu lake ilikuwa imeondoka, naye akaishi akivaa kofia kukilinda kichwa chake. Picha ya mtu huyo imezunguka dunia. Baadaye tena, mwaka 1985, David Furnas, mpasuaji wa California, pamoja na wenziwe waliowahi kuwatazama ababari, walichapisha katika Annals of Plastic Surgery maelezo marefu kuliko yote, wakasema kwamba vifo vilikuwa vichache na kwamba wagonjwa kwa jumla waliridhika na matokeo. Na Wajerumani wa Düsseldorf nao waliandika katika miaka hiyo hiyo ya 1980.

Basi tuifuate silsila hii kama ambavyo mwanachuoni wa hadithi angeifuata. Mwandishi wa leo juu ya mafuvu ya Peru humtaja Margetts. Mwandishi wa historia ya upasuaji wa ubongo humtaja Margetts na Furnas. Margetts aliwataja waliomtangulia. Na mwisho wa silsila, pale ambapo maulamaa wangetaka jina la mtu aliyeona kwa macho yake na kutenda kwa mkono wake, twamkuta omobari, ambaye yeye hakuwa mwandishi wa ukurasa wa kwanza wa makala yoyote katika hizo, wala hesabu ya kurejelewa haimpi hata moja. Sisemi haya kwa kumlaumu Margetts, ambaye alifanya kazi yake kwa uangalifu na kwa heshima kuliko wengi wa zama zake, ijapokuwa kichwa cha sura yake kiliwaita hawa watu wa utamaduni wa kizamani na mganga wao mtu wa dawa za kienyeji, kama ilivyokuwa lugha ya wakati ule. Nasema kwa sababu matokeo yake yaonekana dhahiri: elimu ya ababari ilitumika kuwafasiri wafu wa Ufaransa na wa Peru, na katika miaka yote hiyo hakuna lililobadilika kwa mgonjwa wa Gucha mwenye maumivu ya kichwa baada ya kupigwa. Sheria ya matabibu haikumtambua omobari. Upasuaji wa ubongo wa hospitali uliota mizizi Nairobi katika miaka ya 1960, alipokuja Renato Ruberti kutoka Italia, na kutoka Ogembo hata Nairobi ni mwendo mrefu kwa mtu aliyevunjika fuvu usiku.

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze jinsi hesabu ya kurejelewa ilivyozaliwa, kwa kuwa wengi wanaoitumia hawajui asili yake. Mawakili wa Marekani walikuwa na kitabu cha Shepard tangu mwaka 1873, kilichoorodhesha kila hukumu na hukumu za baadaye zilizoitaja, ili wakili ajue kama hukumu anayoitegemea bado ina nguvu au imetenguliwa. Eugene Garfield, aliyekuwa kijana bado, aliona kwamba jambo hilo hilo lingeweza kufanywa kwa elimu ya sayansi; akaeleza rai yake mwaka 1955 katika jarida la Science, na mwaka 1964 chuo chake cha Philadelphia kikaanza kutoa fahirisi ya marejeo ya sayansi. Makusudio yake ya kwanza yalikuwa kumwezesha mtafiti kupata makala zenye uhusiano, na kujua kama jambo fulani limekwisha kukanushwa. Haikuchukua muda, wakuu wa vyuo na watoaji fedha wakaona wamepata mizani. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa San Diego, aliongeza kipimo kilichokuwa rahisi hata hakikuweza kukataliwa: mtu mwenye kipimo cha 20 ni yule ambaye makala zake 20 zimerejelewa kila moja mara 20 au zaidi. Tangu hapo kila mtafiti ana nambari yake, na kijana atafutaye kazi huiandika karibu na jina lake.

Kasoro kubwa ya mizani hii kwa upande wetu ilikuwa kwamba fahirisi ilichagua majarida, na majarida yaliyochaguliwa yalikuwa zaidi ya Ulaya na Marekani. Makala iliyotoka Nairobi ilisomwa na wale waliokuwa Nairobi na waganga wakuu wa wilaya, lakini ilipotajwa ng'ambo ilitajwa mara nyingi kupitia kitabu cha mtu mwingine. Ndivyo Grounds alivyofunikwa na Margetts. Tangu 1998 uko mradi wa kuyaweka majarida ya Kiafrika mahali pamoja katika intaneti, na tangu 2004 Google imekuwa ikihesabu marejeo bila kuchagua sana, hata giza hilo limepungua; walakini desturi ya kudhani kwamba lililochapwa mbali ndilo kubwa haijakwisha.

Sasa na tugeuke kwenye malaria. Vilima vya Gusii vimepanda juu ya mita 1,500, na katika miinuko ya namna hiyo ubaridi wenyewe ni kinga, kwa sababu vimelea vya malaria vikiwa ndani ya mbu huhitaji joto ili vikomae, na hewa ikishuka chini ya nyuzi 16 hivi mbu hufa kabla ya vimelea kuwa tayari. Kwa sababu hiyo watu wa milimani hukua bila kuizoea malaria. Na mwaka ambao mvua ya masika imenyesha kwa wingi, na joto limepanda kidogo, na maji yametuama katika mabonde na katika mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, malaria huja kati ya Mei na Agosti na kuwapiga wakubwa kwa wadogo, kwa maana hakuna miongoni mwao mwenye kinga mwilini. Jambo hili lilijulikana zamani. Cyril Garnham, aliyeitumikia serikali ya Kenya kwa miaka mingi kabla ya kurudi London na kugundua, pamoja na Henry Shortt, kwamba malaria ya binadamu hujificha kwanza katika ini, aliandika mwaka 1948 juu ya malaria ya nchi za juu. Na Roberts alieleza mwaka 1964 jinsi milipuko ya Nandi ilivyozuiliwa kwa kugawa Daraprim na kunyunyiza nyumba dawa ya dieldrin. Kisha kwa miaka ishirini hivi milima ikatulia, na yaliyoandikwa yakasahauliwa pamoja na hofu iliyoyaandikisha.

Malaria ilirudi mwishoni mwa miaka ya 1980, ikazidi katika miaka ya 1990, wakati klorokwini ilipokuwa imepoteza nguvu hata Kenya ikalazimika kuiacha mwaka 1998. Gucha iliumia vibaya mwaka 1999. Shirika la misaada la Merlin, kutoka Uingereza, lilikuja wilayani, na nyumba zikanyunyizwa dawa kabla ya msimu wa mwaka uliofuata, nazo familia nyingine zikawa na vyandarua vyenye dawa. Ndipo Helen Guyatt, Samuel Ochola wa idara ya malaria ya wizara ya afya, Robert Snow na wenzao walipopata nafasi ya kulinganisha njia mbili katika nchi moja. Wakapima damu za watu wa nyumbani, wakauliza nani alilala wapi, na mwaka 2002 wakachapisha kwamba kulala katika chumba kilichonyunyizwa kulipunguza maambukizo kwa asilimia 75, na kulala chini ya chandarua kwa asilimia 63, na kwamba kwa nchi kama ile, yenye malaria ya vipindi, kunyunyiza kulikuwa rahisi zaidi kwa gharama: dola 9 kwa kila maambukizo yaliyozuiliwa, na kwa chandarua dola 29.

Mwaka huo huo wa 2002, kati ya Mei na Agosti, mlipuko mwingine ulizikumba Gucha, Kisii ya Kati, Kericho na Nandi. Na hapo ndipo linapofaa kutazamwa daftari la zahanati, kwa kuwa utafiti wa mlipuko huo umesimama juu yake. Ni kitabu kikubwa chenye mistari, jalada lake limefungwa utepe likichakaa. Muuguzi huandika tarehe, umri, kijiji, dalili na dawa, mgonjwa kwa mgonjwa, na siku za mlipuko huandika huku mlango umezibwa na kina mama wenye watoto wanaochemka mgongoni, na tone la damu likikauka katika kioo kwa kuwa mtu wa darubini ni mmoja na vioo ni vingi. Mwisho wa mwezi hujumlisha, na jumla hiyo hupanda wilayani, na kutoka wilayani hupanda wizarani. Simon Hay, Snow, Ochola, Abdisalan Noor na wenzao walipozichungua hesabu za wilaya hizo nne, na mwaka 2003 wakatoa matokeo katika The Lancet, walisema mambo yaliyowapasa wakuu wayasikie: utabiri wa hali ya hewa wa msimu haukuiona mvua kubwa ilivyokuwa inakuja, vipimo vya mvua yenyewe vilitoa onyo la kutegemewa na la mapema, bali jumla za kila mwezi za wagonjwa wa nje hazikuweza kupiga mbiu kwa wakati, maana zilifika wakati maafa yamekwisha kuonekana kwa macho. Kwa fikira zangu hii ni katika makala fupi zenye manufaa makubwa zilizopata kuandikwa juu ya Kisii, kwa sababu haikusema tu kwamba watu wanaumwa, ilisema ni kipande gani cha serikali kilichochelewa.

Robert Snow huyu, aliyefika Kilifi mwaka 1989 kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilipoanza, amekuwa mmoja wa watafiti wa malaria wanaorejelewa zaidi ulimwenguni. Makala yake na wenziwe katika Nature ya mwaka 2005, iliyokadiria kwamba matukio ya kuugua malaria ya falciparum mwaka 2002 yalifika milioni 515, ilirejelewa na kila aliyetaka kuonyesha ukubwa wa janga hilo. Na nyingine ya 2002, ambayo Hay aliongoza, iliyosema kwamba joto la milima ya Afrika ya Mashariki halikuonekana kubadilika kiasi cha kueleza kurudi kwa malaria, ilizua mabishano ya miaka mingi, mpaka Judith Omumbo na wenziwe walipozirudia mwaka 2011 rekodi za joto za mashamba ya chai ya Kericho, zilizoandikwa siku kwa siku, wakaonyesha kwamba joto limepanda. Hayo ndiyo mambo ya elimu. Mtu huandika, mwenziwe humpinga kwa hoja, na wote wawili hurejelewa. Lakini ukiniuliza ni makala gani ya kundi hilo iliyowafikia watu wa Gucha, nitakutajia mbili za mwaka 2007, ambazo pengine mwanazuoni wa hesabu angezitia katikati ya orodha.

Zilitoka katika kazi moja, iliyofuata watoto wa wilaya nne za mashambani: Kwale, Bondo, Makueni na Kisii kuu, jina lililojumlisha Gucha. Wakati huo wakubwa wa dunia walikuwa wakibishana kama chandarua kiuzwe au kitolewe bure. Wauzaji walisema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba soko litamfikia maskini kwa wakati wake. Noor na wenziwe wakahesabu: mwishoni mwa 2004, vilipokuwa vikiuzwa madukani, watoto waliolala chini ya chandarua chenye dawa walikuwa asilimia 7, baada ya vyandarua vya bei nafuu kutolewa katika kliniki za wazazi, ikafika asilimia 24, na baada ya serikali kugawa bure vyandarua milioni 3.4 mwaka 2006, ikafika asilimia 67, na tofauti baina ya mtoto wa maskini na mtoto wa mwenye nafasi karibu ikafutika. Kisha Greg Fegan, pamoja na Noor, Willis Akhwale wa wizara, Simon Cousens na Snow, wakaonyesha katika The Lancet kwamba vifo vya watoto waliolala chini ya vyandarua hivyo vilipungua kwa asilimia 44 kulinganishwa na wasiokuwa navyo. Agosti ya mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutaka vyandarua vigawiwe bure kwa watu wote walio hatarini, likitaja mfano wa Kenya.

Hapo silsila ilikamilisha duara lake. Mama wa kijiji kilicho juu ya Ogembo alimleta mtoto akapimwa. Jawabu lake likaingia katika hesabu. Hesabu ikaenda Nairobi, ikaenda London, ikaenda Geneva. Na chandarua kikarudi kikatundikwa juu ya kitanda cha watoto wa nyumba ile ile, na nyumba za nchi ambazo hazijapata kusikia jina la Gucha. Hata majina ya waandishi yalikuwa yamebadilika: ambapo katika miaka ya 1950 na 1960 mwandishi alikuwa mgeni peke yake, sasa walikuwamo watumishi wa wizara yetu na wanazuoni wa nchi yetu, na Noor akaja kuongoza kitengo katika idara ya malaria ya Shirika la Afya Duniani lenyewe.

Wala sisemi kwamba elimu ya ababari ilikuwa na thamani ndogo kuliko elimu ya mbu. Nasema kwamba iliandikwa na watu waliotaka kujua habari za kale, na hayo waliyoyataka waliyapata. Lau Grounds au Margetts angeuliza swali jingine, kwa mfano ni watu wangapi wa Kisii huumizwa vichwa kila mwaka, na kwa nini wanamwendea omobari badala ya hospitali ya serikali, na ni nini katika hadhari yake mpasuaji wa wilaya angeweza kujifunza, huenda silsila ile nayo ingerudi nyumbani. Maswali hayo yangali wazi, na Kisii sasa ina chuo kikuu chake, kilichopewa hati mwaka 2013, na hospitali kubwa ya rufaa mjini, ambapo wanafunzi wa tiba wanaweza kuyauliza kwa Ekegusii kwa wazee ambao bado wanakumbuka. Sura ya Margetts imo katika kitabu cha bei kubwa kilichokwisha kuadimika. Lakini makala ya Noor ilitoka katika PLoS Medicine, jarida ambalo tangu mwanzo limewekwa wazi kwa kila asomaye, na muuguzi wa Ogembo mwenye simu mkononi aweza kuifungua leo, pasipo kulipa senti, akaikuta wilaya yake imetajwa ndani.